Tarehe 27 Agosti, kwa saa ya nani?

Kwa miaka minne nilikuwa na kazi ya dakika tatu kwa siku. Kila asubuhi, baada ya taarifa ya habari na kabla ya bei za samaki, nilisoma redioni kipande tulichokiita "Siku kama ya leo". Kituo kilikuwa kidogo, mawimbi yake yakifika Chumbe yameshachoka, na malipo yalikuwa ya kumshukuru Mungu tu. Lakini wasikilizaji walikuwepo: wauza kahawa, mafundi cherehani, madereva wa daladala, na wazee. Wazee wengi, wale wa kuswali alfajiri kisha wakajilaza tena na redio kifuani.

Kazi yenyewe haina ufundi mkubwa. Unachukua tarehe, unatafuta mambo matatu au manne yaliyotokea duniani siku hiyo, mwaka wowote, unayapanga na kuyasoma kwa sauti changamfu. Mfalme kazaliwa, meli imezama, nchi fulani imepata uhuru. Hayahusiani hata kidogo. Kilichoyakutanisha ni kwamba yote yametundikwa kwenye msumari mmoja, na msumari ni namba.

Ilipokaribia 27 Agosti ya mwaka wangu wa kwanza, nilifurahi tangu usiku wake. Hii ni tarehe iliyonona, na kilele chake kiko nyumbani. Nikasoma: "Siku kama ya leo, mwaka 1896, Unguja ilipigana vita vifupi kuliko vyote katika historia ya dunia. Dakika 38! Hata chai haijapoa." Nikacheka kidogo, ile chekeleo ya mtangazaji.

Simu ya kituo ililia kabla sijavua vifaa vya masikioni.

"Ndiye wewe uliyesoma?"

"Ndiye mimi. Shikamoo, babu."

"Marahaba. Hizo dakika thelathini na nane, mwanangu, umezihesabu kwa saa ya nani?"

Nikamwambia ndivyo vitabu vinavyosema.

"Haya. Na waliokufa, ilipotimu ya thelathini na nane walikuwa wameshamaliza kufa?"

Nikakaa kimya. Yeye hakuwa na haja ya jibu. Akanitakia mchana mwema, akakata.

Ile chai ndiyo iliyoniuma. Mzaha wenyewe sikuutunga mimi, nimeshausikia kwa waongoza watalii pale Forodhani mara kadhaa, na watalii hucheka kila mara. Lakini mimi nilikuwa nikiwasomea watu ambao babu zao walikuwa ndani ya mji siku ile. Kuanzia hapo nikawa naiandama 27 Agosti kama mtu anayedaiwa. Kila nilichokipata kuhusu tarehe hiyo nilikiandika kwenye daftari moja la shule, la mistari, lenye jedwali la kuzidisha nyuma yake. Haya ninayoyaandika leo yametoka humo.

Nianze na ukuta wa nyumbani kwetu. Bibi yangu alikuwa na kalenda ya duka la jumla, akiiita takwimu kama walivyoiita wakubwa wa zamani. Kila kisanduku kilikuwa na namba mbili: kubwa nyeusi ya mwezi wa kizungu, na ndogo nyekundu pembeni ya mwezi wa Kiislamu. Sisi watoto tuliisoma ile nyeusi kwa ajili ya shule. Bibi aliisoma ile nyekundu, tena kwa majina yake ya pwani: Mfungo Mosi baada ya Ramadhani, Mfungo Pili, Mfungo Tatu, hadi Mfungo Sita ambao ndio mwezi wa Maulidi. Namba hizo mbili haziendi sambamba. Kila mwaka nyekundu huitangulia nyeusi kwa siku kumi au kumi na moja. Kwa hiyo mtu wa takwimu ya bibi hawezi kuzungumzia "27 Agosti" na maana ikamkaa. Krakatoa, nitakayoifikia, iliangukia Mfungo Mosi wa mwaka 1300 wa Hijria. Vita vya Unguja viliangukia Mfungo Sita wa mwaka 1314, Maulidi yamepita siku chache tu. Mambo mawili yaliyonipa mimi kipindi kizuri cha redio, kwa bibi hayajawahi hata kupeana mkono.

Tena kuna suala la siku inaanza lini. Kwa watu wetu siku huanza jua likizama. Bibi akisema "usiku wa Alhamisi" alikuwa na maana ya usiku ule ambao watangazaji wa leo wanauita Jumatano usiku. Tarehe 27 Agosti 1896 ilikuwa Alhamisi. Ukiifuata hesabu ya bibi, basi siku ya vita haikuanza saa tatu asubuhi. Ilianza jioni yake, na usiku ule una habari zake.

Sultan Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla tarehe 25, kabla ya adhuhuri. Mchana uleule binamu yake, Khalid bin Barghash, akaingia kasri na kujitangaza. Halikuwa jaribio lake la kwanza. Alishataka kiti mwaka 1893 akazuiwa. Waingereza, ambao tangu 1890 walikuwa wameifanya Unguja nchi iliyo chini ya himaya yao, walimtaka Hamoud bin Mohammed. Balozi wao aliyekuwa zamu, Basil Cave, akampa Khalid onyo, kisha akapeleka telegramu London kwa waya uliopita chini ya bahari kuuliza kama ana ruhusa ya kupiga. Jibu lilikuwa la kiofisi kabisa: chukua hatua unazoona zinafaa, lakini usianze jambo usilo na hakika ya kulimaliza. Meli tano za kivita zikajipanga mbele ya Forodhani: Philomel, Thrush, Sparrow, Racoon, na St George ya Admirali Harry Rawson. Amri ya mwisho ikatolewa: bendera ishuke kabla ya saa tatu asubuhi ya siku ya pili.

Usiku huo, usiku wa Alhamisi kwa bibi, balozi wa Marekani Richard Mohun alikuwa mjini, na maneno yake yamehifadhiwa. Alisema kimya kilichoufunika mji kilikuwa cha kutisha. Kwa kawaida ngoma hulia, au watoto wachanga hulia, lakini usiku ule hapakuwa na sauti yoyote kabisa. Mimi nimelala Mji Mkongwe usiku mwingi, na hata saa nane ya usiku hukosi paka, mtu anayekohoa dirishani, mlango wa nakshi unaoburuzwa. Kuufikiria mji ule bila kikohozi kunanitisha kuliko mizinga.

Asubuhi, saa mbili na nusu hivi, Khalid akajibu kwamba hana nia ya kuteremsha bendera, na haamini kwamba Waingereza watampiga. Cave akarudisha jibu kwamba hawapendi kupiga, ila asipofanya alivyoambiwa watapiga bila shaka. Ndani ya kasri na viwanja vyake walikuwemo watu wapatao 2,800: askari, watumishi, watumwa, raia waliokuja kusimama na Sultan wao. Walikuwa na bunduki za rasharasha chache, mzinga wa shaba wa karne ya 17, na mizinga miwili aliyoitoa zawadi Kaisari wa Ujerumani. Majengo mengi waliyojificha ndani yake yalikuwa na mbao kwa wingi.

Saa tatu na dakika mbili moto ukaanza. Meli zilifyatua makombora yapatayo 500 na risasi za rasharasha 4,100. Meli ya Sultan, Glasgow, ambayo Sultan Barghash, baba yake Khalid, aliiagiza baada ya kimbunga cha 1872 kuvunja meli zake bandarini, ilithubutu kurudisha moto, ikazamishwa palepale ilipotia nanga. Saa tatu na dakika arobaini bendera ikaanguka na mizinga ikanyamaza. Upande wa kasri watu wapatao 500, wanaume na wanawake, walikuwa wameuawa au kujeruhiwa, wengi kwa moto uliowaka ndani ya majengo. Upande wa Waingereza aliumia baharia mmoja wa Thrush, akapona.

Hizo ndizo dakika 38. Wengine wanasema 37, wengine 45, na ubishi huo una watu wake ambao siwaelewi. Ninachokijua ni hiki: milingoti ya Glasgow ilibaki imechomoza juu ya maji ya bandari hadi mwaka 1912. Miaka kumi na sita. Mtoto aliyezaliwa asubuhi ile alikuwa kijana wa kuoa na bado kila akienda kuoga pwani anaiona. Waliomuunga mkono Khalid walilazimishwa kulipia makombora yaliyowapiga. Khalid mwenyewe alikimbilia ubalozi wa Ujerumani akakaa humo wiki tano, mpaka 2 Oktoba, maji yalipojaa kiasi cha kuwezesha mashua ya manowari ya Seeadler kufika hadi lango la bustani ya ubalozi. Akapanda mashua moja kwa moja bila kukanyaga ardhi ya Unguja, ambako Waingereza walikuwa wakimngoja kumkamata. Akahamishiwa Dar es Salaam. Mwaka 1916, vita vikuu vilipofika huku, Waingereza wakamnasa, wakampeleka Shelisheli na Saint Helena. Baadaye akaruhusiwa kurudi Afrika Mashariki, akafia Mombasa mwaka 1927. Kwake yeye, vita vile vilichukua miaka thelathini na moja.

Kuna na saa yenyewe, saa ya ukutani. Mbele ya Beit al-Ajaib, lile jumba la maajabu la masultani, palikuwa na mnara wa taa wenye saa, ulioharibiwa siku ile na kubomolewa. Mwaka 1897 jengo lilipokarabatiwa likajengewa mnara mpya wa saa usoni, ule ambao sote tuliukuta. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ikaporomoka, na mnara ukaenda nayo. Watu wawili walifariki. Nilifika siku ya pili. Watu walisimama nyuma ya utepe, hawasemi, wanatazama ile nafasi tupu juu kana kwamba wanataka kujua saa ngapi.

Sasa Krakatoa. Hii ndiyo iliyonifanya niache kudharau mchezo wa tarehe.

Tarehe 27 Agosti 1883, Jumatatu, kisiwa cha Krakatoa kilichopo kati ya Java na Sumatra kililipuka mara nne asubuhi. Mlipuko mkubwa kuliko yote ulikuwa saa nne na dakika mbili kwa saa za huko. (Dakika mbili hapa, dakika mbili kwetu, kwenye daftari nimezipigia mstari, ingawa najua hazina maana yoyote.) Mawimbi yaliyopanda zaidi ya mita 30 yaliifuta miji ya pwani, na boti la kivita la Waholanzi, Berouw, likabebwa na kutupwa zaidi ya kilomita 2 ndani ya nchi kavu. Hesabu rasmi ya waliokufa ilikuwa 36,417. Msukumo wa hewa uliizunguka dunia zaidi ya mara tatu, na vipimo vya mgandamizo wa hewa katika miji ya mbali viliendelea kuuandika kwa siku tano. Miezi michache baadaye vumbi lililopaa angani likayafanya machweo kuwa mekundu kiasi kwamba katika miji ya Marekani kama Poughkeepsie watu waliwaita zimamoto, wakidhani upande wa pili wa mji unaungua.

Kisiwani Rodrigues, mashariki ya Mauritius, umbali wa kilomita 4,800 hivi, mkuu wa polisi James Wallis alisikia ngurumo upande wa mashariki. Akaandika kwamba ilikuwa kama mizinga mikubwa inapigwa mbali. Alidhani ni meli iliyo taabuni. Sauti ilikuwa imesafiri saa nne juu ya bahari ili imfikie. Fikiria mtu huyu: anaandika kwa mwandiko wake mzuri, tarehe na saa, habari ya mizinga ambayo si mizinga.

Na huku kwetu? Sauti haikufika. Kilichofika kilikuwa kimya, na kilikawia karibu mwaka mzima. Mwezi Julai 1884 wavulana wa shule ya misheni ya Waingereza hapa Unguja walikuta ufukweni mawe mepesi yameletwa na maji. Ni yale mawe yenye matundu, yanayoelea, ambayo kina mama husugulia visigino. Pamoja na mawe yalikuwepo mafuvu na mifupa ya watu, misafi, haina nyama. Mkondo wa bahari ulikuwa umevileta kutoka Mlango wa Sunda, kwenye Krakatoa.

Hapo nilikaa na kalamu mkononi muda mrefu. Kuna watu waliokufa tarehe 27 Agosti upande mmoja wa bahari, wakatua ufukweni kwetu Julai ya mwaka wa pili yake. Miaka kumi na mitatu baada ya kifo chao, kwa tarehe ileile, bandari ya kisiwa hichohicho ikapigwa mizinga ya kweli. Wale wavulana wa misheni wakati huo walikuwa wanaume. Wangapi kati yao walikuwa mjini? Hilo redio haikunipa dakika za kuliuliza.

Yaliyobaki nilikuwa nayapitia haraka. Mwaka 1979, bomu lilimuua Lord Mountbatten, wa ukoo wa kifalme wa Uingereza, ndani ya mashua yake Ireland. Mwaka 1962, chombo Mariner 2 kilirushwa kwenda sayari ya Zuhura, na kilipoipita Desemba kikawa chombo cha kwanza kufaulu kuitembelea sayari nyingine. Mwaka 1859, Edwin Drake alipata mafuta ya petroli kwa kuchimba, pale Titusville, Pennsylvania.

Ingawa la Drake lina kichekesho chake. Wenye mtaji walimwandikia barua wakimwita Kanali ili wenyeji wamheshimu. Hakuwahi kuwa na cheo hicho. Jumamosi ya tarehe 27 kekee yake ilifika futi 69 na nusu, kama mita 21, ikadumbukia kwenye ufa. Wakafunga kazi, wakaenda zao. Jumapili, tarehe 28, fundi wake mhunzi, William Smith, alipita kuchungulia akayaona mafuta yamepanda ndani ya bomba. Kwa hiyo dunia inaadhimisha tarehe ambayo hakuna mtu aliyeona tone. Kibatari cha bibi yangu, kilichotengenezwa kwa kopo la maziwa na utambi wa kitambaa, kinatokana na Jumapili hiyo, lakini vitabu vimekiandikisha Jumamosi. Drake mwenyewe hakupata utajiri. Jimbo la Pennsylvania lilimpa pensheni alipokuwa amekwisha kuchakaa, akafariki mwaka 1880.

Kisha Paris. Tarehe 27 Agosti 1928 mawaziri na wajumbe wa nchi 15 walikutana kwenye Wizara ya Mambo ya Nje ya Ufaransa, katika ukumbi unaoitwa Ukumbi wa Saa. Sikubuni. Walitia saini mkataba wa kuikataa vita kuwa njia ya siasa ya nchi, mkataba unaojulikana kwa majina ya Kellogg wa Marekani na Briand wa Ufaransa. Kellogg alitumia kalamu ya dhahabu aliyopewa na mji wa Le Havre, iliyochorwa maneno ya Kilatini: ukitaka amani, andaa amani. Stresemann wa Ujerumani alikuja akiwa mgonjwa. Italia ilitia saini. Japani ilitia saini. Kwa Uingereza alisaini Lord Cushendun.

Lakini Uingereza ilikuwa imeshatanguliza barua. Ilisema kuna maeneo fulani ya dunia ambayo hali yake ni jambo la maana ya pekee kwa usalama wake, na kwamba haitavumilia mtu kuyaingilia. Kuyalinda kutahesabiwa kujihami. Barua haikuyataja kwa majina. Wengi waliielewa kuwa ni Misri na mfereji wa Suez. Mimi nilipoisoma niliona bandari yetu, meli tano, na saa tatu kasoro. Miaka thelathini na miwili kamili, siku kwa siku, tangu kasri lipigwe, mpigaji anasaini kwamba vita ni haramu na kujiwekea kichochoro. Najua waliokuwa ukumbini hawakuikumbuka Unguja. Hiyo ndiyo shida ya tarehe: inakualika uone mtu anakonyeza pale ambapo hapana mtu.

Kwa haki, mkataba ule haukuwa karatasi tupu. Baada ya vita vya pili ulitumika kwenye kesi za Nuremberg kama mojawapo ya misingi ya kuwashtaki waliovianzisha. Lakini wenyewe haukuzuia kitu. Tarehe 27 Agosti 1939, mwaka wa kumi na moja wa saini zile, rubani Erich Warsitz aliirusha Rostock ndege ya kwanza ya jeti duniani, Heinkel He 178. Ilikaa hewani dakika chache tu. Siku tano baadaye Ujerumani ikaivamia Poland.

Na kabla ya hapo ilikuwepo Ethiopia. Ethiopia iliufuata mkataba wa Paris upesi. Ilikuwa miongoni mwa nchi zilizokwisha kujiunga ulipoanza kufanya kazi Julai 1929. Oktoba 1935 Italia, msaini wa siku ya kwanza, ikaivamia. Tarehe 30 Juni 1936 Haile Selassie alisimama Geneva mbele ya Umoja wa Mataifa wa wakati ule, waandishi wa habari wa Kitaliano wakimzomea, akawauliza wakubwa wa dunia jibu gani awapelekee watu wake. Alirudi Addis Ababa mwaka 1941, akatawala, akapinduliwa Septemba 1974.

Alifariki tarehe 27 Agosti 1975.

Nilipoigundua hii nilisimama. Kijana wa studio aliniuliza kama nimepata simu ya msiba. Mfalme aliyesalitiwa na saini za 27 Agosti anakufa 27 Agosti. Kwa mtu wa redio hii ni zawadi, ungeweza kuifanyia kipindi kizima na muziki wa huzuni chini. Halafu nikaikumbuka sauti ya yule mzee: kwa saa ya nani?

Redio ya serikali ya kijeshi iliutangaza msiba siku iliyofuata, ikisema ni maradhi. Miaka mingi baadaye mahakama ya Ethiopia iliambiwa kwamba mzee yule alinyongwa kitandani mwake. Mifupa yake ilipatikana mwaka 1992 chini ya sakafu ya kasri, ikazikwa kwa heshima Novemba 2000. Tarehe ya kifo chake tumepewa na walewale waliokuwa wamekishika chumba. Na isitoshe, kwa kalenda ya Ethiopia siku ile ilikuwa 21 Nehase 1967. Haikuwa Agosti, haikuwa 27, haikuwa hata 1975. Kitu kimoja tu cha Waethiopia kinafanana na chetu: saa. Wao pia huanza kuhesabu saa asubuhi jua linapochomoza, kama sisi. Saa tatu ya Addis ni saa tatu ya Unguja, na mgeni huchanganyikiwa kotekote.

La mwisho kwenye daftari ni W.E.B. Du Bois. Mwanazuoni huyu Mmarekani mweusi, aliyehamia Ghana mwaka 1961 kwa mwaliko wa Nkrumah ili asimamie ensaiklopidia ya Afrika, alifia Accra tarehe 27 Agosti 1963, umri miaka 95. Ulikuwa mkesha wa maandamano makubwa ya Washington, yale ya Martin Luther King. Habari ilifika asubuhi, watu wakiwa wamekwisha kujaa mbele ya sanamu ya Lincoln, na Roy Wilkins, mmoja wa viongozi wa maandamano hayo, akawatangazia. Kifo kilikuwa cha 27 huko Accra. Waliokipokea walikuwa robo milioni, na wao walikipokea tarehe 28.

Mwaka wangu wa pili, 27 Agosti ilipofika tena, mhariri aliniambia nirudie cha mwaka jana, kilipendwa. Nikamwambia sawa, nikaenda nacho nyumbani, nikakikata chote. Nilikaa barazani na karatasi mpaka taa za jirani zikazimwa. Sikuweka Mountbatten wala Zuhura. Drake nilimwacha, kwa shingo upande.

Asubuhi nilisoma hivi: "Siku kama ya leo ilianza jana magharibi. Mwaka 1896, usiku wa Alhamisi, Mji Mkongwe haukulia ngoma wala mtoto." Nikaendelea kwa meli tano na majina yao, nikataja watu 500, nikataja baharia mmoja. Nikasema milingoti ya Glasgow ilikaa majini miaka kumi na sita. Kisha nikarudi nyuma miaka kumi na mitatu nikasoma habari ya mawe yaliyoelea na kilichokuja nayo. Dakika tatu zikaisha nikiwa bado ufukweni na wale wavulana, fundi mitambo ananionyesha mkono nifunge.

Nikavua vifaa vya masikioni nikaitazama simu. Kijana wa bei za samaki akavuta kiti, akakohoa, akaanza: changu wamepanda, kibua wameshuka, pweza hakuna kwa sababu ya upepo. Simu haikulia. Nikakaa hadi alipomaliza kamba.